Chakula cha Moto Kwanza, Chai Baadaye

Wakulima wa Roret na sehemu zote za Kericho, mnajua wenyewe jinsi baridi ilivyo toka mwezi wa Juni hata Agosti. Mvua hunyesha alasiri, na mchumaji hurudi kutoka kituo cha kuuzia majani nguo zimelowa na vidole vimekufa ganzi. Akifika nyumbani hutafuta birika kwanza. Ugali ukiiva, watu wote hula huku wakinywa chai ya maziwa.

Desturi hii ni tamu, lakini ina hasara moja ambayo inafaa kila mwenye nyumba aijue. Ndani ya chai mna kitu kiitwacho tanini, ndicho kinacholeta ukakasi ulimini. Chai ikinywewa pamoja na chakula, tanini hushika madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, wimbi na mboga, na mengi yake hupita mwilini bure. Kutia maziwa hakuondoi jambo hili. Na chuma ndicho kinachotumika kutengeneza damu. Mtu akikipungukiwa huchoka upesi, na huhema akipanda kilima na kikapu mgongoni. Akina mama waja wazito na watoto wadogo ndio waumiao zaidi.

Hatusemi mwache chai. Chai imelipa karo za watoto wengi, na jioni ya Julai bila chai si jioni. Tunasema ingoje saa 1 baada ya chakula.

Basi wakati wa kungoja, mtu apate joto wapi? Jaribuni uji wa wimbi. Koroga kikombe 1 cha unga katika vikombe 2 vya maji baridi, ufunike, uuache siku moja upate kuchacha. Kuchacha huongeza ladha, tena husaidia mwili kukipata kile chuma cha wimbi. Jioni yake chemsha vikombe 4 vya maji, mimina huku ukikoroga, upike dakika 15.

Kisha maharagwe. Yaroweke usiku kucha, umwage maji yale, utie mengine. Kwanza yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, maana maharagwe mekundu yasiyochemka barabara huleta kutapika na kuhara. Ndipo upunguze moto mpaka yalainike. Kaanga kitunguu na nyanya, tia maharagwe pamoja na viazi, uponde kidogo kwa mwiko ili mchuzi uwe mzito. Mgagani, yaani isagek, uwe kando yake. Ukiona ni mchungu mno, chemsha, umwage maji ya kwanza. Wazee wa Kipsigis hawahitaji kufundishwa mboga hii!

Nanyi mlio katika skimu za makazi, mliopanda chai mpaka mlangoni, bakizeni kipande cha ardhi karibu na nyumba kwa wimbi, maharagwe na mgagani. Fedha za majani hazifiki kila siku, lakini tumbo hudai kila jioni.

Roret inajulikana pia kwa mananasi, na mengi hupakiwa garini kwenda sokoni. Msiyauze yote. Nanasi lina vitamini C, isaidiayo mwili kupokea chuma cha maharagwe na mboga. Mkatie kila mtoto kipande mara baada ya chakula. Lile dogo lililokataliwa na mnunuzi lafaa vilevile, na kama mananasi hayapo, mpe pera au chungwa.