Nodi Yako ya Bitcoin: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuanza

Ukiwa na duka, meseji feki unazijua. Mteja anasema, "Nishatuma," simu yako inalia, na meseji inafanana kabisa na ya kweli. Ndiyo maana kila siku tunawakumbusha: cheki salio lako mwenyewe kabla ya kutoa mzigo.

Sasa kwa Bitcoin, utacheki wapi? Hakuna ofisi ya kupigia simu. Malipo yote tangu Januari 2009 yameandikwa kwenye daftari moja la wazi, na kompyuta nyingi duniani hulikagua kila wakati. Kompyuta inayofanya kazi hiyo huitwa nodi. Pochi nyingi za simu huuliza nodi ya mtu mwingine, kisha huamini jibu. Ukiwa na yako, unajikagulia mwenyewe.

Unahitaji nini?

- Kompyuta. Ya kawaida inatosha, bora iwe na RAM ya GB 4 au zaidi.
- Nafasi. Daftari zima limepita GB 600, kwa hivyo tafuta SSD ya TB 1. Huna? Unaweza kuchagua nodi ibaki na sehemu ya mwisho tu. Itapakua yote, ikague, halafu ifute ya zamani. Hapo GB 20 hivi zitatosha.
- Intaneti isiyo na kikomo. Tafadhali usijaribu kwa bando za simu. Hata ukichagua kufuta ya zamani, lazima zile GB zote zipite kwanza.
- Stima ya kuaminika. Laptopu yenye betri nzima husaidia, kwa sababu stima ikipotea ghafla data inaweza kuharibika.

Hatua za kuanza

1. Pakua programu ya Bitcoin Core kutoka bitcoincore.org. Andika anwani hiyo kwa mkono wako. Usifuate linki uliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp.
2. Hakiki faili kabla ya kuifungua. Maelezo yako kwenye tovuti hiyo hiyo. Usiruke hatua hii, maana programu feki inaweza kukuibia.
3. Ifungue, chagua mahali pa kuhifadhi data, na kama diski ni ndogo, weka kikomo cha nafasi.
4. Iache ifanye kazi. Inaweza kuchukua siku moja au hata zaidi ya wiki, kulingana na mashine na mtandao wako. Ukizima vizuri, baadaye itaendelea ilipoachia.
5. Tumia pochi iliyo ndani ya programu hiyo, au unganisha pochi yako na nodi. Wengi husahau hapa: kama pochi yako bado inauliza nodi ya wengine, yako haikusaidii chochote.

Kurasa mpya za daftari, yaani bloku, huja kila dakika 10 hivi. Malipo ambayo hayajaingia kwenye bloku bado si yako. Kwa pesa nyingi, wengi husubiri bloku 6, karibu saa moja.

Chunga wakora

Nodi ya Bitcoin haikulipi hata shilingi. Wanaolipwa na mtandao ni wachimbaji, na hiyo ni kazi nyingine yenye mashine za bei kali. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Nunua nodi ya Bitcoin kwetu, upate faida kila siku," funga mazungumzo hayo. Usimtumie pesa.

Yale maneno 12 au 24 ya siri ya pochi yako ni kama PIN. Nodi haiyahitaji ili kukagua malipo. Anayekuomba uyatume ili "akuunganishie nodi" anataka kukuibia, na kwa Bitcoin hakuna kurudishiwa pesa ukishatuma.

Je, ni lazima?

Hapana. Kama sarafu zako umeziacha kwenye soko la mtandaoni, nodi haiwezi kuzilinda, kwa sababu funguo wanazo wao. Lakini kama unapokea Bitcoin kwa biashara yako na funguo unashika mwenyewe, nodi hukuepusha kutegemea neno la mtu mwingine. Anza na kompyuta uliyo nayo na kiasi kidogo. Ukishaielewa vizuri, ndipo ufikirie kununua mashine nyingine.