Herufi Saba za Joto la Nyota

O, B, A, F, G, K, M. Kila anayesoma falaki huzikariri herufi hizi, kwani ndizo ngazi ya joto la nyota, kutoka zinazochoma kupita zote hadi zilizopoa. Wanafunzi wa Kiingereza wamezikariri miaka nenda rudi kwa sentensi inayomwomba msichana mrembo busu. Inakera, maana aliyezipanga ni mwanamke, na sentensi hiyo haina habari naye.

Annie Jump Cannon aliajiriwa katika kituo cha falaki cha Harvard, Marekani, mwaka 1896, masikio yake yakiwa karibu hayasikii. Mbele yake waliweka picha zilizopigwa kwenye vioo. Humo mwanga wa kila nyota, ukishapita kwenye prizimu, uligeuka ufito mwembamba wa kijivu wenye mistari myembamba zaidi. Aliinama na lenzi, akatamka herufi, msaidizi akaandika. A. K. G. Tena K. Mkono ulipokolea alimaliza nyota tatu kwa dakika. Kati ya 1911 na 1915 pekee alipitia 225,300, na hakuacha hadi zikakaribia 350,000.

Kabla yake Williamina Fleming, aliyeanza kama mtumishi wa nyumbani kwa mkurugenzi wa kituo hicho, alizipanga nyota kialfabeti kwa ukolevu wa mistari ya haidrojeni. Cannon akaona mistari mingine inakataa mpango huo. Mwaka 1901 akafuta herufi nyingi na kuzisogeza O na B mbele ya A. Jicho tu! Mwaka 1925 Cecilia Payne, kwa kanuni ya Meghnad Saha wa India, alionyesha kihesabu kwamba mfuatano ule ni wa joto.

Kundi la Orioni linaonyesha hayo bila darubini. Betelgeuse, nyekundu, ni M: Kelvin 3,500 hivi. Rigel, nyeupe ya kibuluu, ni B: kama 12,000. Jua letu, G, lina 5,772. Nyekundu ndiyo iliyopoa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kukariri hivi: Omari, Baba Asha, Fungua Geti, Kuna Mgeni.

Cannon alipata uteuzi rasmi wa mwanafalaki Harvard mwaka 1938, akiwa na miaka 74. Dunia nzima ilikuwa ikitumia herufi zake tangu 1922. Chuo kilikuwa kikingoja nini?