Exetat: wanafunzi walio katika makundi mawili wahesabiwe namna gani?

Katika Mtihani wa Serikali, Exetat, mtu anaweza kujua kujumlisha vizuri na bado akapoteza pointi. Maswali ni ya kuchagua jibu, na jibu la uongo nalo linaweza kuwa limeandikwa pale, linamngoja.

Tuchukue mfano. Darasa lina wanafunzi 40. Kati yao 25 wanasema Kiswahili, 18 wanasema Lingala, na 5 hawasemi hata moja ya hizo mbili. Wangapi wanasema zote mbili?

Mwenye haraka anajumlisha 25 na 18, anapata 43, anatoa 40, anajibu 3. Amesahau wale 5. Kwanza waondolewe: 40 kutoa 5 ni 35. Halafu 43 kutoa 35 ni 8. Hao 8 ndio waliohesabiwa mara mbili, mara moja kwa kila lugha.

Neno dogo "tu" nalo ni mtego. Wanaosema Kiswahili ni 25, lakini wanaosema Kiswahili tu ni 17, maana wale 8 wako ndani ya 25. Lingala tu ni 10.

Mwingereza John Venn alieleza mwaka 1880 namna ya kuchora duara mbili zinazoingiliana. Anza kujaza katikati: 8. Kisha pembeni, 17 na 10, na nje 5. Jumlisha zote. Ikitoka 40, weka alama kwenye jibu lako bila woga.