Maji ya Maabara na Lawama za Mke

Huko Moa, kaskazini ya Tanga, kama kwingineko pwani, ndoa isipojaliwa mtoto lawama humwangukia mke. Hebu fikiri mume auze mashua, waende Nairobi, mahali walipozaliwa mwaka 2006 watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa maabara. Mimba isiposhika, ni nani atakayelaumiwa? Mke yule yule!

Je, umepata kujiuliza juu ya maji? Kiinitete hulelewa siku 3 hadi 5 katika maji maalumu kabla ya kutiwa tumboni. Kwa hiyo watengenezaji huyajaribu kwanza kwa viinitete vya panya, kwa muda wa saa 96 hivi. Kwa kawaida, visipokua ipasavyo walau 80 katika kila 100, maji hayo hukataliwa.

Hata hivyo, kiinitete cha panya ni kigumu. Huweza kustahimili kasoro itakayokidhuru cha binadamu. Desemba 2023 kampuni moja ya Marekani ililazimika kuyarudisha maji yaliyopungukiwa magnesiamu, upungufu unaoweza kukizuia kiinitete kukua. Dosari hiyo mke angeijuaje?

Basi kabla hamjalipa, mwulizeni daktari nyote wawili: maji haya yamepimwaje, na cheti chake kiko wapi?