Malkia wa Bonde la Hérens

Kwetu tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika bonde la Hérens, kwenye jimbo la Valais kusini mwa Uswisi, wanaogombea ukubwa ni majike.

Nilikwenda Evolène, kijiji kilicho zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, nikitarajia jibini na vilele vya theluji. Vyote nilivipata. Lakini kinachonirudia kila siku ni asubuhi ile ya Juni, ng'ombe walipopandishwa malishoni.

Ng'ombe wa Hérens ni mfupi, mweusi au wa hudhurungi iliyokolea, kifua kama cha fahali. Majira yote ya baridi amefungwa zizini akila nyasi kavu. Sasa mazizi mbalimbali yanamwaga mifugo yao uwanda mmoja, kila jike na namba ya rangi ubavuni. Hakuna anayewachochea. Wawili wanatazamana kwa pembeni, wanaparura ardhi mpaka udongo unawarukia migongoni, wanakoroma. Kisha vipaji vya nyuso vinagongana, pembe zinafumana, shingo zinatutumka. Wanasukumana. Kuna wakati hakuna anayesogea hata hatua. Unasikia pumzi tu na kengele nzito. Ghafla mmoja anageuza kichwa, anaondoka. Basi. Mshindi anainama kula.

Mzee mfugaji niliyesimama naye uzioni hakupenda niuite mchezo. Alisema wangefanya hivyo hata pasingekuwa na mtu wa kuwatazama. Baada ya siku chache kila mmoja anajua nafasi yake: nani atangulie njiani, nani apate nyasi nzuri. Kazi ya mfugaji ni kutia ubutu ncha za pembe, kisha kukaa kando.

Septemba, kundi likishuka, huheshimiwa malkia wawili: wa pembe na wa maziwa. Nilimuuliza mzee yupi bora kwake. Akasema maziwa ndiyo yanayolipa bili, ila hakuna jirani aliyewahi kumgongea mlango kumpongeza kwa ndoo zilizojaa.

Na maziwa yenyewe si mengi. Ng'ombe wa kisasa humwacha huyu wa Hérens mbali sana. Thamani yake imehamia uwanjani, kwenye mapambano ambayo fainali yake hufanyika Aproz, na malkia mwenye jina huuzwa kwa maelfu ya faranga. Mzee analalamika kwamba wenye fedha wa mjini wananunua jike mmoja, wawili, kwa ajili ya fahari, na bei inawapandia vijana wanaotaka kuishi kwa ufugaji. Lakini bila fahari hiyo, nani angeendelea kumfuga ng'ombe wa maziwa haba kwenye miteremko ambayo nyasi zake hukatwa kwa mkono?

Malkia wake wa miaka iliyopita alishindwa asubuhi ile na jike mwenye uzao mmoja tu. Alisimama peke yake chini ya kundi, na mzee alipomshikia chumvi kiganjani hakuilamba. Mwanawe anataka auzwe nyama kabla ya baridi. Mzee anasema atampandisha tena Juni ijayo, hata akiwa wa mwisho kundini, na hadi naondoka bondeni walikuwa hawajakubaliana.