Ukiwa India, ramani ipi ya gari uifuate?

Wengi wetu huku Pwani twaijua safari ya India, na mara nyingi si ya matembezi, ni ya matibabu. Mimi nilimpeleka mjomba wangu Chennai kwa maradhi ya moyo. Asubuhi ya kumuona daktari, kifaa cha kuonyesha njia kwenye teksi kilitufikisha penye ukuta wa hospitali na kutangaza kuwa tumefika. Lango halikuwepo. Simu yangu nayo ilionyesha njia nyingine kabisa. Dereva akashusha kioo, akamuuliza muuza chai. Tuliingia tumechelewa, na mjomba jasho likimtiririka.

Nikataka kujua: mbona vyombo viwili vyapingana ilhali vyote vyatumia GPS?

Jibu ni kwamba setilaiti hazikupi ramani. Zinatuma ishara, na kifaa chako hupiga hesabu kujua kiko wapi. Barabara, malango na majina hutoka kwa aliyechora ramani. Hapo ndipo penye tofauti.

Vifaa vya gari kama vya Garmin hubeba ramani ndani yake. Havihitaji mtandao, na hilo ni faida ukitoka mjini. Lakini mwenye gari asipoweka ramani mpya, hubaki na barabara za zamani.

Google Maps ya simu huona msongamano na kukubadilishia njia papo hapo. Hiyo hutaka bando. Waweza kuipakua ramani ya mji mapema, ila bila mtandao hutaona foleni.

Ya tatu ni ya wenyewe: MapmyIndia, kampuni ya Delhi iliyoanzishwa 1995. Programu yake huitwa Mappls, na kila mahali hupewa alama fupi ya herufi na tarakimu sita. Hilo husaidia katika nchi ambayo anwani nyingi ni kama zetu za mtaani: nyuma ya hekalu, mkabala na benki. Tena, kwa mwongozo wa serikali wa 2021, kampuni za kigeni haziruhusiwi kujitengenezea wala kumiliki ramani za India zenye usahihi wa kupita mita moja. Huzipata kwa leseni kutoka kwa kampuni za huko.

Lakini hakuna ramani ya kuaminiwa ukafumba macho. Novemba 2024, katika jimbo la Uttar Pradesh, watu watatu walikufa gari lao lilipoanguka kutoka daraja la mto Ramganga. Sehemu ya daraja ilikuwa imebebwa na mafuriko, na polisi walisema inaaminika walikuwa wakifuata ramani ya simu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji unayemsindikiza mgonjwa, fanya haya. Pakua ramani ya mji kabla hujaondoka nyumbani. Waombe hospitali wakutumie mahali lilipo lango lenyewe, si jina la jengo tu. Linganisha ramani mbili kabla gari halijaondoka. Zikipingana, shusha kioo uulize.

Siku ya pili ya miadi nilifanya hivyo. Tulifika mapema, mjomba akapata hata nafasi ya kunywa chai, kwa yule yule muuzaji.