NYUMBA ILIYOTOWEKA MOMBASA

Somo: 1 Wakorintho 3:10–15



Mtume Paulo aifananisha kazi ya kanisa na ujenzi. Asema iko siku ambayo moto utaonyesha aliyejenga kwa dhahabu na aliyejenga kwa majani. Sisi wa Ramisi twalielewa jambo hili. Kiwanda cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, tuliona jinsi kazi kubwa inavyoweza kunyamaza. Basi leo tuitazame nyumba moja ya Mungu iliyokuwako Mombasa, nayo haipo tena.

Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Mwaka 1597 watawa wa Mtakatifu Augustino wakafungua nyumba yao mjini. Watawa hao hawakujifungia ndani. Kazi yao ilikuwa kuhubiri, kufundisha na kubatiza. Martin Luther mwenyewe alikuwa mtawa wa shirika hilo huko Ujerumani kabla ya Matengenezo ya Kanisa.

Wakati huo alikuwako mtoto, Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan bin Ahmed, aligombana na kapiteni Mreno, akakimbia, akauawa mwaka 1614. Yatima huyo akapelekwa Goa, Bara Hindi, akalelewa na watawa wa Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Mwaka 1626 alirudishwa Mombasa kuwa mfalme.

Lakini jina la ubatizo halikumpatia heshima. Kapiteni wa ngome alimdharau. Yasimuliwa kwamba alionekana akiomba kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, akachongewa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapiteni, akarudia Uislamu. Watawa waliuawa, na Wareno wengi, wanawake kwa watoto, pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha imani yao.

Wareno walirudi mwaka 1632, lakini tarehe 13 Desemba 1698, baada ya mazingiwa ya miaka karibu mitatu, ngome ilitwaliwa na Waomani. Ngome ingali imesimama. Nyumba ya watawa imetoweka.

Twajifunza nini? Kwanza, tuwaheshimu wale Waafrika waliokufa. Hawakuwa na cheo wala mfalme wa mbali wa kuwalipia kisasi. Imani yao haikuegemea ukuta wa ngome, na hiyo ndiyo dhahabu isiyoungua.

Pili, Injili ikiletwa pamoja na mzinga, watu watauona mzinga kwanza. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 hakuwa na ngome. Alimzika mkewe na mtoto wake mwaka huohuo, akajifunza lugha za watu, na mwaka 1846 akaanza kazi Rabai. Lakini tusijisifu. Baadaye bendera ya Waingereza ilipandishwa, na kanisa letu nalo likakaa kivulini mwake.

Tatu, tumwangalie yule yatima. Alifundishwa sala, akavikwa jina jipya, lakini alipokuwa mtu mzima nani alimketisha kama ndugu? Na sisi je? Tunao vijana tuliowabatiza na kuwaandika kitabuni. Baba akifa, kazi ikikosekana, twawatembelea, au twawakumbuka siku ya kuhesabu waumini tu?

Na majirani zetu Waislamu, ambao twazikana nao na kukopeshana chumvi, wasituone tukiwa watu wa ngome. Watuone tukiwa watu wa kweli na wa huruma.

Tuombe. Ee Bwana, utuondolee dharau mioyoni. Utufundishe kujenga kwa upendo, ili kazi yetu ipimwapo isiteketee. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.